Soko la baiskeli Kigali: mlima na ngazi ndivyo vitaamua

KIGALI ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 na waliomaliza ni 30 tu. Miinuko iliyowachosha mabingwa ndiyo anayopambana nayo mkazi wa kawaida akienda kazini. Kwa mfanyabiashara anayetaka kupeleka baiskeli huko, swali ni ipi itanunuliwa na ipi italala dukani.

Baiskeli ya chuma isiyo na gia, iliyozoeleka vijijini, hubeba mzigo vizuri kwenye tambarare. Lakini ina uzito wa kilo 20 hivi, na pedali ikizungushwa mara moja, gurudumu huzunguka zaidi ya mara mbili. Mlimani, mwenye nayo hushuka akaisukuma. Akifika nyumbani, na chumba kiko ghorofa ya tatu bila lifti, huibeba begani au huiacha nje na kuwapa wezi nafasi.

Kwa mteja huyo, gia ndogo kabisa ndiyo ya kukagua kwanza. Meno ya mbele yakilingana na ya nyuma, au ya nyuma yakizidi, mlima hupandika. Wingi wa gia peke yake hausaidii kama zote ni za kasi. Breki nazo zipimwe kwa mteremko wenye mvua, si kwenye sakafu ya duka.

Baiskeli ya kukunjwa yenye magurudumu ya inchi 20 huingia ndani kwa urahisi na hukaa nyuma ya mlango. Udhaifu wake ni bawaba: ikilegea, fremu huyumba. Ya umeme hushinda mlima, lakini mara nyingi ni nzito kupandisha ngazi. Inayofaa ni ile ambayo betri yake hutolewa na kuchajiwa chumbani.

Faida, hata hivyo, huamuliwa pia mpakani. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, huhusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Baiskeli iliyotengenezwa China au India haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kuwa risiti yake ni ya Kariakoo. Anayepanga bei kwa kudhani atavuka Rusumo bila ushuru anaweza kupoteza faida yote kabla ya kufika Kigali.

Njia salama ni kuuliza forodha kabla ya kupakia, kuanza na baiskeli chache zenye gia ndogo, na kubeba pamoja nazo minyororo, vipande vya breki na bawaba za akiba. Mteja wa mjini hurudi pale anapopata vipuri.