Petroli Si Nauli

Ndugu zetu walioko Ulaya, pamoja na wageni wanaokwenda kuwatembelea, wana kauli moja wasiyoichoka: mtu peke yake apande treni, familia ikodi gari. Sababu yao ni kwamba tiketi huzidishwa kwa idadi ya vichwa, ilhali tangi la petroli hujazwa mara moja kwa wote. Inashangaza jinsi watu makini na fedha zao wanavyoimeza hesabu hii bila swali.

Tuanze na vichwa vyenyewe. Kwenye pasi ya treni ya Interrail, inayouzwa kwa wakazi wa Ulaya, na ya Eurail kwa wanaotoka nje, mtoto wa chini ya miaka 12 husafiri bila malipo akiwa na mtu mzima. Kila mkubwa anaruhusiwa watoto wawili. Basi baba, mama na watoto wawili wa shule ya msingi wanalipia pasi mbili, si nne. Ada ya kuhifadhi viti kwenye treni za kasi za Ufaransa na Italia ipo, na watoto hawasamehewi, lakini hiyo si nauli.

Sasa lete gari. Tuseme mnatoka Paris, mnapitia Uswisi, mnaishia Florence. Gari lililokodiwa nchi moja na kuachwa nchi nyingine hutozwa ada ya kuliacha huko, na ada hiyo yaweza kuipita kodi yenyewe. Barabara kuu za Ufaransa na Italia ni za kulipia. Uswisi hudai stika ya barabara kuu ya faranga 40, ya mwaka mzima, hata kama unakatiza kwa saa nne tu. Viti vya watoto hulipiwa kwa siku. Otomatiki, ambayo wengi wetu tumeizoea kwa magari ya Japani, huko huongezewa bei. Mkifika Florence, katikati ya mji ni ZTL, yaani eneo lenye vizuizi vya magari: kamera hunasa namba ya gari lisilo na kibali, na faini hukufuata nyumbani miezi kadhaa baadaye. Kabla yake, kampuni ya kukodisha imeshakukata ada kwa kazi ya kuwatajia polisi jina lako. Hili la mwisho ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Watasema: lakini gari ni uhuru. Uhuru upi? Jumamosi za Agosti, kwenye barabara za kuelekea kusini mwa Ufaransa, serikali yenyewe hutangaza siku "nyeusi" za msongamano. Kwenye handaki la magari la Gotthard, kilomita 17 na njia moja tu kila upande, foleni za kiangazi hutarajiwa kama mvua za masika. Treni hupita chini zaidi, katika handaki la kilomita 57 lililofunguliwa mwaka 2016, kwa muda wa dakika 20 hivi. Na humo ndani mtoto akitaka choo, anakwenda. Uswisi kuna hata treni zenye behewa la ghorofa lililowekewa sehemu ya michezo ya watoto.

Halafu kuna dereva, asiyehesabiwa na mtu. Aliyejifunzia Kenya, Tanzania au Uganda amezoea kushika kushoto. Mweke kulia, usiku, mvua inanyesha, watoto wanagombana nyuma. Huyo hayuko likizoni. Yuko kazini bila mshahara.

Ni kweli, treni za Ujerumani huchelewa, na huchelewa vibaya: mwaka 2024, takriban 62 tu katika kila 100 za masafa marefu zilifika kwa wakati. Lakini sheria ya Umoja wa Ulaya hukurudishia robo ya nauli ukicheleweshwa saa nzima, na nusu zikifika mbili, isipokuwa kwa majanga yaliyo nje ya uwezo wa shirika. Foleni haijawahi kumrudishia mtu senti. Na anayenunua tiketi ya TGV, treni ya kasi ya Ufaransa, asubuhi ya safari ataumia kweli kwa bei. Asiisingizie reli uzembe wake.

Gari lina mahali pake: vijiji vya vilima vya Toscana, au nyanda za juu za Scotland, ambako basi hupita likijisikia. Huko kodini gari. Kwa Toscana, shukeni treni Siena, chukueni gari dogo siku mbili, lirudisheni Siena hapo hapo. Ada ya kuliacha haitakuwepo, na watoto wataona mashamba ya zabibu kabla baba hajachoka.