Mkwe kaja, choo kimegoma!

Wale mlioanza kuchimba msingi mwaka huu hongereni sana, maana najua pochi zinavyolia. Mwezi huu sitaongelea wivu wala simu za usiku. Nataka tuongelee choo. Ndiyo, choo! Msicheke, kwani choo nusura kinivunjie heshima mbele ya mtu ambaye mwanaume yeyote mwenye akili timamu anamheshimu na kumwogopa: mama mkwe.

Mnaoifahamu Ifakara mtashangaa kusikia naongelea kubana matumizi ya maji. Huku bonde la Kilombero maji siyo habari ya kushangaza. Mto uko pale, mpunga umesimama ndani ya maji, na masika yakichanganya, mto Lumemo nao unakuja kupiga hodi kwenye nyumba za watu. Bonde lenyewe liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Maji yetu hayohayo yanashuka Rufiji mpaka kwenye bwawa la Julius Nyerere yanakofua umeme. Sasa mtu aliyezaliwa hapa umwambie abane maji, si atakuona umechanganyikiwa?

Ndivyo nilivyomwona mke wangu. Tulikuwa na kiwanja Kibaoni na ramani ya vyumba vitatu mezani. Mimi ndoto yangu ilikuwa moja: bafu la kulala chumbani kwetu, lile la kujaza maji mpaka shingoni, kama kwenye filamu za Kinigeria. Mke wangu akaja na orodha yake. Alitaka choo cha vitufe viwili, mifereji ya kukinga mvua kuzunguka bati lote, simtanki, na bomba la maji ya kuogea litengwe na bomba la choo. Tulipopiga hesabu, fedha ya bafu langu ilitosha kununua mifereji na tangi. Kimoja lazima kife.

Nikamjibu kwa kebehi, "Mama, hapa ni Ifakara, siyo Dodoma."

Hakunijibu. Wanaume wenzangu mnaelewa, mwanamke asipojibu ndiyo mambo yameharibika. Usiku ule tulilala mzungu wa nne, na ramani ikakaa juu ya kabati wiki tatu.

Ikaingia Aprili. Tulikuwa bado kwenye nyumba ya kupanga, na mama mkwe akapiga simu kwamba anakuja kuwaona wajukuu. Anatoka Mahenge. Zamani safari ile ilikuwa na kusubiri pantoni, lakini tangu daraja la Kilombero lizinduliwe mwaka 2018, kuvuka mto siyo hadithi tena. Akafika na kapu la ndizi, mvua ikiwa inanyesha siku ya tatu mfululizo.

Usiku mama akaenda msalani. Nikasikia amevuta maji. Halafu nikasikia sauti ambayo sitaisahau, glu, glu, glu, na kimya. Maji yalipanda badala ya kushuka! Mlango ukafunguliwa, mama akatoka amejifunga khanga yake vizuri, akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, huyu jirani yenu ana choo cha nje?"

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama wa mke wangu, saa nne usiku, na mwavuli, anakwenda kuomba choo kwa jirani!

Asubuhi na mapema nikamwita fundi bomba. Akafunua mfuniko, akachungulia, akatikisa kichwa. "Bosi, hili shimo halijajaa uchafu. Limejaa maji."

Akanieleza taratibu. Hapa kwetu masika yakikolea, maji ya ardhini yanapanda. Ukuta wa shimo la kufyonza unakuwa umezungukwa na maji, hauna pa kuyapeleka mengine. Kila ukivuta choo unaongeza lita tisa kwenye glasi iliyojaa. Nikamwambia basi aite gari la kunyonya majitaka. Akasema litanyonya leo, lakini kwa mvua hii, baada ya siku chache shimo litajaa tena, maana maji yanaingia kutoka pembeni.

"Tuchimbe chini zaidi," nikashauri, kama mtu anayejua.

Fundi akacheka. "Ukichimba chini zaidi ndiyo unayafuata maji yenyewe, bosi. Halafu kisima cha jirani je?"

Hapo nikanyamaza. Wazee wa Ifakara bado wanaukumbuka mwaka 1997, kipindupindu kilipoingia. Maji ya shimo yakikutana na maji ya kisima kifupi, hayo siyo matatizo ya nyumba moja tena, ni ya mtaa.

Kama haitoshi, wiki hiyohiyo bomba likakauka. Na hapa ndipo mke wangu alipofungua mdomo. Alinipa ndoo mbili za lita 20. "Mume wangu, wiki hii utachota wewe. Ya kupikia, ya kuoga, na ya choo."

Wapenzi wasomaji, nimesoma, nina shahada yangu ukutani, lakini lita nilikuwa sizijui. Lita nilizijua siku nilipozibeba kutoka pampu ya mkono ya jirani. Kuvuta choo mara mbili tu, ndoo karibu imekwisha! Nikakaa na kalamu. Nyumbani tulikuwa watano. Tuseme kila mtu anakwenda chooni mara tano kwa siku. Mara 25 kwa lita tisa ni lita 225. Kwa choo cha vitufe viwili, kile cha lita tatu kwa haja ndogo na lita sita kwa haja kubwa, kila mtu akibonyeza kikubwa mara moja na kidogo mara nne, jumla ni lita 90. Tofauti ni lita 135 kila siku. Hizo ni ndoo karibu saba. Kwa mwezi ni zaidi ya lita 4,000, yaani yuniti nne kwenye bili. Na muhimu zaidi kwa sisi wa bondeni, hizo ni lita 4,000 ambazo shimo halikulazimishwa kuzimeza.

Nikamtazama mke wangu. Miaka sita ya ndoa, bomba likikatika, nani alikuwa anachota? Yeye. Mimi nilikuwa narudi kazini nakuta ndoo zimejaa, nafikiri zimejijaza. Anayechota ndiye anayejua lita, na mimi nilikuwa nimemwondoa mezani wakati wa kuchora ramani.

Baadaye nikaanza kusoma na kuuliza. Kumbe wenzetu haya mambo wameyaweka kwenye sheria siku nyingi. Marekani walipitisha sheria mwaka 1992, na kuanzia 1994 choo kipya cha nyumbani hakiruhusiwi kutumia zaidi ya lita sita hivi kwa kuvuta mara moja, wakati vya nyuma yake vilikuwa vinakunywa 13 na zaidi. Choo cha vitufe viwili kilipata umaarufu kutoka Australia, nchi ya ukame, miaka ya 1980. Siku hizi kuna hata vyeti vya majengo ya kijani. Kimoja kinaitwa EDGE, cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, ambacho kinataka jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya maji ukilinganisha na jengo la kawaida la eneo lake, pamoja na nishati na vifaa vya ujenzi.

Sisi je? Tulipopeleka michoro kuomba kibali, tuliulizwa shimo liko umbali gani na mpaka wa kiwanja. Swali zuri. Lakini hakuna aliyetuuliza choo kitavuta lita ngapi. Ndiyo maana nasema, kama hakuna anayekuuliza, sheria ya nyumba yenu jiandikieni wenyewe, wewe na mwenzio, kabla fundi hajapiga plasta. Baada ya plasta kila bomba ni kubomoa ukuta. Na msidhani ni mambo ya bondeni tu. Wa Dar es Salaam mnakumbuka mwaka 2022, Ruvu ilipopungua mkaanza kupewa maji kwa mgawo.

Haya ndiyo tuliyokubaliana sisi, jioni moja, chai mezani:

1. Choo kinunuliwe seti nzima. Bakuli na tangi lake vitoke kiwandani pamoja. Ukichukua bakuli la zamani ukalifungia tangi dogo, uchafu hautashuka, mtavuta mara tatu, na akiba yote imepotea. Kwa wenye choo cha zamani, weka ndani ya tangi chupa ya plastiki iliyojazwa maji. Usiweke tofali, linamomonyoka na kuharibu valvu. Ukiona choo hakisafishiki vizuri, itoe chupa.

2. Bomba la mvua lichaguliwe kwa presha mliyonayo. Tangi likiwa mita tatu juu ya bomba, presha yake ni ndogo sana. Vichwa vingi vya kubana maji dukani vimetengenezwa kwa presha kubwa, mkifunga vitatoa machozi tu. Mwambieni muuzaji tangi lenu liko juu kiasi gani. La sivyo, ndoo moja na kata bado ni bingwa.

3. Mvua ikingwe. Hesabu yake rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 2,000 kabla ya kutoa zinazomwagika. Maji ya mwanzo yaacheni yapite, yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Na kila tundu la tangi liwekwe wavu, na bomba la hewa la shimo pia. Sisi tunaishi mji mmoja na Taasisi ya Afya Ifakara, watu ambao wamewatafiti mbu miaka mingi. Itakuwa aibu kufuga mbu kwenye tangi letu wenyewe.

4. Maji ya kuogea yatengwe na ya choo. Yetu yanakwenda kwenye migomba. Msimwagilie mboga zinazoliwa mbichi.

5. Shimo lisiwe refu. Fundi alitujengea tangi la majitaka lisilovuja, halafu maji yanayotoka yanasambaa kwenye mtaro mrefu wenye kina kifupi, tena kwenye tuta lililoinuliwa. Kwenye ardhi ya maji unakwenda kwa upana, hauendi chini.

Na ya sita haiandikwi kwenye ramani: koki inayodondosha irekebishwe siku hiyohiyo. Tone moja kila sekunde linaweza kujaza ndoo nzima kwa siku. Kwetu hiyo ni kazi yangu, na sikumbushwi mara mbili.

Bafu la kulala? Lilikufa. Sitawadanganya, roho iliniuma, na siku moja nikamwambia hivyo mke wangu. Akaniambia, "Nunua beseni la mtoto, nitakumwagia maji mwenyewe." Tukacheka mpaka tukasahau tulikuwa tunagombana nini.

Masika iliyofuata tulikuwa tumehamia. Mama mkwe akaja tena, na kapu lake la ndizi, na mvua yake. Usiku akaenda msalani. Nikakaa kitako kitandani nimetega masikio kama mlinzi. Kitufe kikabonyezwa. Maji yakashuka. Mama akatoka, akapita mlangoni kwetu, akasema, "Baba, leo jirani atalala."

Hayo ndiyo yangu ya mwezi huu. Kama mna ramani juu ya kabati, ishusheni leo usiku, na swali la kwanza liwe hili: maji yakikatika, nani anachota? Huyo apewe kalamu. Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa. Pendaneni!