Umri wa mchai na umri wa jani

Kila chai ya Kenya au Tanzania inapopata bei mbaya kwenye mnada wa Mombasa, hakosekani wa kuisingizia michai mikongwe. Ile iliyopandwa kwa mbegu Kericho na Mufindi tangu miaka ya 1920 husemwa imechoka. Ing'olewe, ipandwe mipya. Toleo hili ni la chai, nami nalifungua kwa kuipinga kauli hiyo, angalau nusu yake.

Nusu iliyo kweli ni kwamba shamba kongwe hupunguza mavuno. Mizizi huoza kwa ukungu, mapengo huzidi, magugu hujaa penye mapengo. Huo ni upungufu wa kilo. Rangi na ukali wa chai ni shauri jingine, maana kemia ya kikombe haikai kwenye shina. Imo ndani ya majani mawili na chipukizi, na hayo, hata kwenye mti wa miaka 90, yana umri wa wiki chache tu. Kila baada ya miaka mitatu, minne hivi, mchai hupogolewa ukaanza matawi upya.

Katika majani hayo machanga, robo ya uzito mkavu au zaidi ni polifenoli, nyingi zikiwa katekini. Jani likikatwakatwa kiwandani, kimeng'enya chake hukutana na hewa, na katekini zikageuka theaflavini: ndizo zinazoipa chai ya rangi mng'ao wake na ule ukali unaokaza ulimi. Kafeini nayo imejaa kwenye chipukizi na jani la kwanza, pale wadudu wanapopapenda. Shuka hadi jani la nne au la tano: katekini zimepungua, kafeini imepungua, nyuzi zimezidi. Mchumaji hahitaji maabara kulijua hilo. Hulikunja jani kwa vidole. Changa hupinda, lililokomaa huvunjika kwa mlio.

Kinachoongezeka jani likizeeka hakitamaniki. Mchai hufyonza floraidi udongoni na kuilimbikiza kwenye majani makuukuu, na huko Tibet, wanywaji wa chai ya matofali iliyotengenezwa kwa majani hayo wameugua mifupa kwa sababu yake.

Najua wapo watakaonitajia Yunnan, ambako chai ya miti yenye karne kadhaa huuzwa kwa bei ya kutisha, na misitu ya chai ya mlima Jingmai imeingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023. Utamu wake siubishii. Ila miti ile iliota kwa mbegu, kila mmoja na vinasaba vyake, kivulini mwa msitu. Ukiilinganisha na shamba jipya lililo juani, umepima umri, mbegu au kivuli? Mtego huohuo uko kwetu. Michai mikongwe ni ya mbegu. Mipya ni ya vikonyo vya aina teule, kama TRFK 6/8 iliyochaguliwa Kericho kwa ubora wa chai yake. Anayesifu upya wa shamba huenda anaisifu 6/8 tu. Na kikonyo kilichokatwa leo kwenye mama wa miaka 50, umri wake tuuhesabu tangu lini?

Umri ulio mikononi mwetu ni wa jani. Mzunguko wa kuchuma ukiwa siku saba hadi kumi, kikapu hujaa majani laini. Wachumaji wakikosekana, siku zikipita, yanakomaa mtini. Mashine nazo hukata bila kuchagua. Hapo ndipo mizani inapoharibu mambo, kwa sababu mkulima hulipwa kwa kilo, na jani gumu halina bei yake tofauti. Anayechuma kwa uangalifu hubeba mzigo mwepesi, kisha chai yake ikachanganywa kiwandani na ya jirani aliyekomba kila kitu. Kabla ya kukopeshana fedha za kung'oa mashamba, tulipe zaidi kilo ya majani mawili na chipukizi. Vinginevyo tutangoja miaka miwili, mitatu bila mavuno, tupate michai michanga inayochumwa vilevile.