"Sina cha Kuibiwa": Hoja ya Kipuuzi Iliyozoeleka Tanga

Kaa kwenye baraza lolote la kahawa Ngamiani, umwambie kijana aache kupakua WhatsApp ya GB, ile isiyo rasmi, kwenye tovuti asiyomjua mwenyewe. Atacheka. "Mimi kapuku, kaka. Wataniibia nini, bando la mia tano?" Na wazee waliokaa hapo watamuunga mkono. Toka Makorora mpaka Pongwe imeshakubalika kwamba wezi wa mtandaoni wana shughuli na mabenki na wakubwa. Sisi hohehahe hatuwahusu.

Ni hoja ya kipuuzi, wazee wangu mniwie radhi.

Mwizi wa mtandaoni hakai akachagua mtu. Ametega faili lake tu. Wakilishusha watu elfu kumi na kila mmoja akakatwa shilingi mia mbili, siku yake imekwisha vizuri, tena hakuna atakayekwenda polisi kwa mia mbili. Agosti 2021 kampuni ya Kaspersky ilibaini kuwa toleo mojawapo la FMWhatsApp, ndugu yake huyo GB, lilikuwa limebeba kirusi kiitwacho Triada. Kirusi hicho huweza kushusha virusi vingine na kumwandikisha mwenye simu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua, kwa kuwa aplikesheni yenyewe ilikwishapewa ruhusa ya kusoma meseji. Mwaka uliofuata kikaonekana kwenye YoWhatsApp. Sasa yule kapuku wetu, salio likiyeyuka, anailaani kampuni ya simu. Huenda ana haki. Lakini je, amewahi kuitazama simu yake mwenyewe?

Hilo la salio ni dogo. Linaloniudhi ni hili: vilivyomo simuni mwako si vyako peke yako. Mna namba ya shangazi yako wa Pangani, ya mwalimu wa mtoto, ya mkweo. Katibu wa kikoba hawezi kuliacha daftari la wanachama njiani kisha akajitetea kwamba yeye mwenyewe hana akiba.

Waulize waliokopa mtandaoni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Mchezo wa mikopo ya namna hiyo watu wanaujua. Aplikesheni inaomba ruhusa ya kuona majina yote uliyohifadhi, nawe unabonyeza "Ruhusu" bila kusoma, maana shida imekubana. Ukichelewesha rejesho kidogo tu, meseji zinamfikia mkweo: huyu ni tapeli, mwambieni alipe. Mkweo hakukopa wala hakupakua kitu. Kosa lake ni kuwa na mkwe mwenye simu.

Najua nitaambiwa kwamba hata Play Store matapeli hupenya. Kweli, hupenya. Lakini kule yupo anayekagua na anayefuta. Kwenye tovuti isiyo na mwenyewe utamlalamikia nani?

Na mtego wenyewe wala si wa kisomi. Umetafuta taarabu, ukurasa unafunguka na vitufe vitatu vya kijani, vyote vimeandikwa "Pakua". Faili linaloshuka jina lake linaishia na apk. Wimbo huishia na mp3, filamu mp4. Apk ni programu, haiimbi! Simu nayo inakuonya kabisa kwamba chanzo hakijulikani, ila pembeni yupo rafiki anayekwambia, "Bonyeza ruhusu, hamna noma." Mtu akitaka kuwinda vijana wa Tanga hahitaji akili nyingi: alipe faili lake jina la ajira za bomba la mafuta Chongoleani, akae asubiri.

Kwa hiyo leo jioni ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta panapohusu kusakinisha programu kutoka vyanzo visivyojulikana, uzime. Aplikesheni isiyojulikana ilikotoka iondoe. Meseji ya kitapeli ikikujia, itume kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa kazi hiyo. Na yule kijana akikuapia tena kwamba hana cha kuibiwa, mwombe afute namba yako kwenye simu yake.