Damu Isiyoonekana

Kila unapowadia msimu wa karafuu, wapo wachumaji wanaoanguka mikarafuuni. Barabarani nako magari na pikipiki hugongana. Katika ajali hizo yupo majeruhi mmoja ambaye bado hatujamfahamu: yule anayeinuka, akajikung'uta vumbi, akasema hajambo, na watu wakamshukuru Mungu kwa kuwa hakutoka damu.

Huenda damu inatoka, ila haionekani. Pigo la tumboni au ubavuni laweza kupasua wengu au ini, damu ikavujia ndani. Mtu mzima ana damu ipatayo lita 5, na sehemu kubwa yake yaweza kumwagikia tumboni pasipo tone kuonekana nje. Kwa muda mwili huuficha upungufu huo kwa kuuharakisha moyo. Nguvu zikiisha, majeruhi huanguka ghafla. Wengu huweza hata kupasuka siku kadhaa baada ya ajali.

Dalili zake ni mapigo ya moyo ya haraka, jasho la baridi, midomo kupauka, kiu, kizunguzungu, na tumbo kuuma na kukakamaa. Wengine huumwa na bega la kushoto lisilo na jeraha. Mtu huyo asikandwe tumbo wala asinyweshwe chai. Alazwe, afunikwe, na apelekwe hospitali mara moja, kwani mara nyingi kinachomwokoa ni damu ya kuongezewa na upasuaji. Utafiti uliotangazwa 2010 na 2011 ulithibitisha kwamba dawa ya asidi ya traneksamiki hupunguza vifo vya majeruhi wanaovuja damu, ikiwa itatolewa ndani ya saa 3 tangu ajali.

Muda huo hauko mikononi mwa daktari peke yake. Ni muda wa kutafuta gari shamba, au mashine ya kuvusha mgonjwa kutoka kisiwani usiku. Kwa hiyo twawahimiza masheha wajue mapema ni chombo gani kitakachombeba majeruhi, na wakuu wa afya wahakikishe damu haikosekani hospitalini. Nasi wananchi tujitokeze kuichangia, kwani damu haitengenezwi kiwandani.

Ajizi ni nyumba ya njaa. Katika jambo hili, ajizi ni nyumba ya msiba. Tusimpe pole majeruhi na kumrudisha nyumbani kwa sababu tu nguo zake ni safi.