Barua ya Wazi kwa NEMA: Mafuta Yaliyojificha Chini ya Mchanga

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA),
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni mwalimu wa kemia huku Makueni, na ninakuandikia kuhusu udongo.

Huku kwetu mto ukikauka hatusemi umekwisha. Mama hushuka mtoni na jembe na kata, akafukua mchanga hadi kimo cha kiuno, kisha akatulia. Maji huchuruzika polepole ubavuni mwa shimo, yakiwa yamechujwa na mchanga wenyewe. Ndiyo maana Mei 2015, bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi lilipovuja katika bonde la Thange, hasara haikuwa ya mto peke yake. Bomba hilo lililojengwa mwaka 1978 lilikuwa limemwaga mafuta ndani ya chujio letu. Machi 2019 mafuta yakavuja tena, safari hii Kiboko.

Sikuandikii ili kufufua kesi. Fidia ina mahakama zake. Linalonikosesha usingizi ni mafuta yaliyokwisha kuzama. Yanayoonekana hutolewa haraka: yanayoelea hufyonzwa kwa pampu, na udongo wa juu huchotwa au hulimwa na kutiwa mbolea ili bakteria waule uchafu. Njia hiyo ya bakteria ni ya kweli. Wapo kama Pseudomonas ambao hula dizeli, mradi wapate hewa, unyevu, nitrojeni na fosforasi. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, fukwe zilitiwa mbolea kwa sababu hiyohiyo.

Tatizo huanza mafuta yanapofika kwenye udongo wa mfinyanzi. Vijitundu vyake ni vyembamba mno. Ukisukuma maji yenye dawa kwa pampu, hupita kando kwenye mchanga na kuuacha udongo huo ulivyokuwa, kwa kuwa ndani yake maji huenda sentimita chache tu kwa mwaka. Bakteria waliomo wamezungukwa na chakula lakini hawana pumzi. Kisha udongo huo unaanza kuyarudisha mafuta kwenye maji, kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi. Kisima kinaweza kupimwa leo kikaonekana safi, na mvua za Novemba zikishanyesha kikarudia harufu yake.

Wenzetu wa Ogoni, Nigeria, wanalijua hili. Ripoti ya UNEP ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba katika maeneo mengi mafuta yalikuwa yamezama mita 5 au zaidi, ilhali usafishaji ulikuwa ukifanywa juu juu. Pale Nisisioken Ogale watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Benzini husababisha saratani ya damu.

Sasa nije kwenye ombi langu, na linahusu umeme. Chembe za udongo wa mfinyanzi zina chaji hasi, na maji yanayozigusa hubeba ioni za chaji chanya. Ukichomeka vyuma au vijiti vya kaboni pande mbili za udongo na kupitisha umeme wa moja kwa moja, kama ule wa betri, ioni hizo huvutwa kuelekea upande wa hasi na kuyakokota maji pamoja nazo. Mjerumani F. F. Reuss aliliona jambo hili Moscow zaidi ya miaka 200 iliyopita. Wembamba wa vijitundu, unaoishinda pampu, hauuzuii umeme. Kwa volti moja hivi kwa kila sentimita, maji na virutubisho vinaweza kwenda sentimita chache kwa siku. Nitrati, ambayo baadhi ya bakteria huitumia badala ya oksijeni, husafiri kuelekea upande wa chanya. Bakteria wenyewe, kwa kuwa wengi wao wana chaji hasi, huweza kusogea upande huohuo. Kwa hiyo umeme hauyachomi mafuta wala hauwaui bakteria. Kazi yake ni kuwafikishia mahitaji kule ambako hakuna mkono unaofika.

Muhula uliopita nililijaribu na wanafunzi wa Kidato cha Tatu. Tulichukua udongo kutoka shimo la wafyatua matofali, tukaulowesha na kuushindilia kwenye kopo la plastiki. Tukatoboa vishimo viwili vilivyoachana sentimita 12, tukasimamisha humo vijiti vya kaboni tulivyovitoa kwenye betri kuukuu za tochi, tukaviunganisha na betri ya pikipiki ya volti 12. Asubuhi yake kishimo cha upande wa hasi kilikuwa kimejaa maji hadi ukingoni, na kile cha chanya kimekauka hadi udongo ukapasuka. Msichana mmoja akadondosha maji ya rosela pande zote mbili. Upande wa chanya rangi ikawa nyekundu ya kung'aa; upande wa hasi ikageuka kijani. Darasa likanyamaza.

Rangi hizo mbili ndizo onyo la kwanza. Umeme huyapasua maji: asidi huzaliwa upande mmoja na alkali upande wa pili, na zikiachwa zienee zitawaua bakteria walewale tunaotaka kuwasaidia. Huna budi kuyazungusha maji kati ya pande hizo, au kugeuza mwelekeo wa umeme mara kwa mara. Onyo la pili ni kwamba nitrati ikizidi nayo huwa sumu kwa watoto wachanga, kwa hiyo si ya kumwagwa ovyo karibu na visima. Tena umeme haupitishwi holela karibu na bomba la chuma, maana unaweza kulila likavuja upya. Penye mchanga mtupu hauhitajiki, pampu inatosha. Na penye miamba ya volkeno yenye nyufa, kama chini ya vilima vya Chyulu, mimi nisingeupendekeza hata kidogo.

Njia hii imekwisha kutoka maabara. Huko Skuldelev, Denmark, na baadaye kwenye kituo cha jeshi la wanamaji Jacksonville, Florida, umeme ulitumiwa kusafirisha chakula cha bakteria ndani ya udongo wa mfinyanzi uliochafuliwa na kemikali inayotumika kufulia nguo bila maji. Ile haikuwa dizeli, na udongo wao si wetu. Ndiyo sababu siombi tununue mtambo wa mtu. Naomba tujaribu wenyewe.

Mheshimiwa, kifungu cha 108 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 kinakupa uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira. Naomba kila amri ya namna hiyo itaje kina. Isitosheke na sampuli za juu. Idai sampuli za udongo wa mfinyanzi ulio chini ya usawa wa maji, wakati wa kiangazi na tena baada ya mvua. Pili, palipomwagika mafuta na kukutwa udongo wa aina hiyo, mwagize aliyechafua agharamie jaribio la shamba dogo, mita kumi kwa kumi, kwa misimu miwili ya mvua. Kando yake liwepo shamba la pili lililotiwa mbolea ileile bila umeme. Bila hilo la kulinganisha, yeyote atadai ushindi na hatutakuwa na la kumjibu. Vipimo vyote vibandikwe ofisini kwa chifu kila mwezi, kwa Kiswahili na Kikamba, hata vikiwa vibaya.

Vyuo vikuu vyetu vina wataalamu wa udongo na wa mikrobiolojia, na jua la Makueni linatosha kuendesha umeme mdogo kama huu. Ukimtuma afisa wako wa kaunti, kopo letu la plastiki bado lipo juu ya meza ya maabara, na wanafunzi watamwonyesha walichokiona.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Kemia,
Kibwezi, Kaunti ya Makueni.