Friza isiyo na mpangilio hula haki ya maskini

Alhamdulillah, kila Idd el-Hajj nyumba nyingi za Waislamu wa Bukoba na Muleba hujaliwa neema ya nyama. Mwenye friza ndiye huwa ghala la ndugu na majirani. Kwa hiyo leo tumeona tuzungumze juu ya chombo hicho, kwani kinachowekwa ndani yake mara nyingi ni amana.

Sisi wa kamati ya msikiti tulijifunza jambo hili kwa aibu. Mwaka mmoja tulibakiwa na mafungu ya udhiya ya familia za vijijini ambazo hazikuwahi kufika siku ya mgao. Tuliyatia yote katika mfuko mmoja mkubwa, tukausukuma chini kabisa ya friza ya mjumbe mwenzetu, na juu yake wakalazwa samaki. Umeme ukakatika. Kila aliyepita alifunua kifuniko kutazama kama nyama imeyeyuka, na kila kilipofunuliwa ubaridi ulitoka. Siku ya tatu tuliifukia nyama ile chini ya migomba. Jioni yake akafika mama mjane kutoka Kamachumu kuulizia fungu lake. Tulimnunulia nyama buchani, lakini ile ilikuwa fidia, haikuwa udhiya.

Tunafahamu kwamba Mtume (SAW) mwaka mmoja aliwakataza Maswahaba kuweka nyama ya udhiya zaidi ya siku tatu, kwa sababu watu wenye shida walikuwa wameingia Madina. Baadaye aliwaruhusu wale, wahifadhi na watoe sadaka. Kuhifadhi, basi, ni ruhusa. Lakini sababu ya katazo lile inatufunza kutazama kwanza nani hajala, ndipo tufunge kifuniko.

Baada ya kugawa, haya ndiyo tunayoyafuata sasa.

Kwanza, nyama hukatwa na kufungwa katika vifurushi vya mlo mmoja mmoja, vilivyobanwa hewa itoke. Kifurushi kidogo huganda upesi, na hakuna haja ya kuyeyusha kilo tano ili kupika moja.

Pili, kila kifurushi huandikwa jina la kilichomo, tarehe na mwenyewe. Nyama ya kusaga hufaa kuliwa ndani ya miezi mitatu au minne. Mapande makubwa hukaa zaidi.

Tatu, kila aina ina upande wake. Sato na sangara wasichanganywe na nyama, na vilivyopikwa visiwekwe chini ya vibichi. Senene waliokaangwa wapoe kabisa kabla ya kuingizwa. Cha zamani kikae juu, kitumike kwanza.

Nne, umeme ukikatika, usifunue. Friza iliyojaa na kuachwa imefungwa huweza kutunza ubaridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Umeme usiporudi kwa muda huo, ni heri kupika na kugawa kuliko kungoja nyama inuke.

Tano, ubaridi wa nyuzi 18 chini ya sifuri hauui vijidudu vyote, bali huvilaza. Nyama iyeyushwe ndani ya friji, isianikwe juani wala kuachwa mezani usiku kucha. Iliyokwisha kuyeyuka na kupata joto isirudishwe kugandishwa.

Mwisho, pana daftari lililofungwa kamba pembeni ya friza. Kinachoingia huandikwa, kinachotoka hukatwa mstari. Kazi hiyo wanaiweza hata watoto, nao hujifunza mapema kwamba israfu huanza pale mtu anaposahau alichoruzukiwa.

Idd iliyofuata, mama yule alikuta fungu lake limeandikwa jina lake. Alilipokea, akatuombea dua. Mwenyezi Mungu atusamehe la mwanzo, na atujaalie kuwa waaminifu katika kila tunachokabidhiwa. Amin.